Chumba cha Nyuzi Kumi na Sita

Mzee Kalinga tumemzika Itigi mwezi uliopita, kwenye kiwanja chake karibu na reli, upepo ukipeperusha turubai mpaka vijana wawili wakaambiwa washike nguzo. Msomaji wa wasifu alisema marehemu ndiye aliyeleta kompyuta katika hospitali yetu, enzi ambazo hospitali nyingi za mkoa bado zilikuwa zinatafuta mafaili kwenye makabati, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Ni kweli, ndiye aliyezileta. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na akina mama. Mmoja akaniuliza kama nilimjua marehemu. Nikamwambia nilifanya naye kazi mwaka mmoja, nikiwa msichana. Akasema, "Alikuwa mtu mwema." Nikajibu, "Alikuwa mtu mwema," na wala sikuwa nadanganya. Lakini nilipopita kutia udongo kaburini machozi yalinitoka, na aliyekuwa nyuma yangu alidhani ni uchungu wa huyo tuliyekuwa tunamfukia. Mimi nilikuwa namlilia mtu mwingine, aliyelala Ulemo tangu zamani, ambaye siku ile Itigi hakuna hata mmoja aliyemtaja.

Nilifika hospitalini mwezi wa tisa, cheti changu cha kompyuta kikiwa bado kinanukia wino. Sitaitaja hospitali hiyo kwa jina, kwa sababu wapo wanaofanya kazi pale hadi leo na hawana hatia. Mzee Kalinga, mkuu wa kitengo chetu, alinipokea mlangoni kwa heshima zote, akanipeleka mpaka mwisho wa korido, akafungua mlango mzito wa mbao. Baridi ikanipiga usoni. Zamani kile kilikuwa chumba cha giza cha kusafishia picha za eksirei: hakikuwa na dirisha, kuta zake zilipakwa rangi nyeusi, na harufu ya dawa za picha ilikuwa bado imo kwenye sakafu. Katikati lilisimama fremu la chuma lenye urefu wa mtu, tuliloliita raki, na ndani yake seva zimelazwa moja juu ya nyingine kama trei za mikate. Taa ndogo za kijani zilikuwa zinakonyeza, feni zinavuma bila kupumzika. Mzee alinionyesha rimoti ya kiyoyozi, iliyofungwa ukutani kwa kamba. "Hii haiguswi," akasema. "Ni nyuzi kumi na sita, mwaka mzima. Hizi mashine ni za wafadhili, binti. Zikiungua, nitaficha wapi uso wangu?"

Ndipo nikamwona Ntandu, fundi wa mashine hizo. Alitokea nyuma ya raki amevaa koti zito la mitumba, la kijivu, lililomfika magotini, kofia ya sufu, na soksi nilizoziona zimepandana. Nje jua la mwezi wa tisa lilikuwa linachoma majani. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza, "Kaka, unasafiri kwenda Ulaya?" Akaniangalia kwa macho yake yenye unjano kidogo. "Mimi niko Ulaya tayari," akasema. "Wewe ndiye umechelewa kufika." Mzee Kalinga akacheka mpaka akakohoa. Nilikuja kugundua kwamba Mzee alimpenda sana kijana huyu, alimwita "mwalimu wangu" mbele za watu, na hilo ndilo linalonifanya nishindwe mpaka leo kumchukia inavyostahili.

Nyuma ya raki ndiko kulikuwa kwetu. Seva huvuta hewa kwa mbele na kuitoa kwa nyuma ikiwa imebeba joto la ndani, kwa hiyo mtu akikaa kule nyuma, kwenye kiboksi, mgongo umeelekea ukutani, anapulizwa na hewa ya moto kama aliyekaa karibu na jiko. Ntandu alikaa hapo kila alipopata nafasi. Hapo ndipo tulipokula. Mama yake alikuwa anamtumia mfuko kutoka Ulemo kwa magari ya Shelui: matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi, na karanga za kukaanga kwa chumvi. Tuliweka matobolwa juu ya kifuniko cha seva ya chini yakapata uvuguvugu, tukayatafuna na chai ya rangi. Sijapata tena chakula kitamu kama kile, na nimekula kwenye mahoteli. Ninapokumbuka, siyo ladha inayonirudia kwanza, ni ule mvumo wa feni, na sisi tumekaa begani kwa begani kwa sababu nafasi yenyewe ilikuwa finyu.

Upande wa pili wa ukuta lilikuwepo benchi la wagonjwa wa nje, na ukuta ule wa mbao haukuzuia neno. Tuliwasikia wakisalimiana, wakilalamikia mbegu za alizeti zilizogoma kuota, wakiulizana habari za misiba. Walidhani wako peke yao, wakasema yale ambayo mtu hamwambii daktari. Siku moja tulimsikia bibi mmoja akizungumza na mwenzake kuhusu mjukuu aliyekuwa amempakata. Mtoto alikuwa analia kilio cha chini, cha kuchoka. "Wamesema ni selimundu," bibi akasema. "Mifupa inamuuma, hasa baridi ikija. Nami nimewaona watoto wa hivyo. Hawakai." Yule mwenzake akaguna tu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Ntandu alikuwa anakunja waya, akaendelea kuukunja mpaka ukaisha, akaufunga vizuri. Kisha akasema taratibu, "Mimi nimekaa."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, koti, kofia, soksi na kile kiboksi nyuma ya raki vyote vilinijia kwa mpigo. Nikamwuliza kwa nini anakubali kushinda kwenye chumba kama kile, na baridi ndiyo inayoamsha maumivu yake. Akasema, "Nikisema, watanipeleka mapokezi nikaandike majina. Watanihurumia. Humu ndani hakuna anayenihurumia, mashine zinataka kazi tu." Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma wa korido, akaenda kusimama juani. Nilimwona ameegemea ukuta, uso ameuinua juu, macho ameyafumba, anajianika.

Mwezi wa kumi, joto lilipokuwa kali na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari, seva ya maabara ilizima. Ilizima mchana, watu wamejaa, na majibu ya vipimo yakakwama humo. Tukasikia korido nzima inapaza sauti. Mzee Kalinga alikuja mbio, jasho linamtoka. "Ongezeni baridi!" akasema.

"Mzee, hiki kiyoyozi hakishuki chini ya kumi na sita," Ntandu akamjibu. "Na chumba kiko kumi na sita sasa hivi. Angalia mwenyewe."

Kweli kilikuwa hivyo. Sisi wawili tulikuwa tunatetemeka, na mashine ilikuwa imezima kwa joto. Ntandu alinipa upande mmoja, tukaivuta kutoka kwenye raki kama droo, tukaifungua. Wengi hudhani ndani ya kompyuta mna kitu kikubwa kinachofikiri. Kinachofanya kazi hiyo ni prosesa, kidude kipana kama kiberiti, na kinapofanya kazi kinachemka. Hilo ni jambo lake la kawaida: hamsini, sitini, hata sabini, haidhuriki. Ikikaribia tisini inaanza kujipunguzia mwendo yenyewe, kama mtu anayepanda mlima akahema, na ikizidi hapo mashine inajizima ili isiungue. Ile yetu ilikuwa imejizima kwa haki. Vibati vya alumini vinavyokaa juu ya prosesa kunyonya joto lake vilikuwa vimezibwa na vumbi lililoshikamana na nyuzi za mashuka hadi likawa kama kipande cha godoro. Ile pesti inayopakwa katikati, ya kupitisha joto, ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Feni moja ilikuwa imekufa.

Tukasafisha kwa brashi ya rangi, tukafuta, tukapaka pesti mpya, tukabadilisha feni. Ilipowaka, kioo kilionyesha hamsini na kitu. Mzee Kalinga akashusha pumzi kwa nguvu, akamshika Ntandu bega. Ndipo Ntandu alipolisema lile alilokuwa amelibeba muda mrefu. "Mzee, haikuwa baridi iliyokosekana. Ni hewa iliyokwama. Na ile ya moto inayotoka nyuma inazunguka kupitia hizi nafasi wazi za raki, inarudi mbele, mashine inajivutia joto lake yenyewe. Tukiziba nafasi hizi na tukisafisha kila mwezi, chumba kinaweza kukaa ishirini na tano bila tatizo. Waliozitengeneza wenyewe wanaruhusu hewa ya kuingia mpaka ishirini na saba."

"Ishirini na tano!" Mzee akasema. "Humo si tutapikia ugali?"

"Tupe mwezi mmoja tu. Zikipanda, unarudisha."

Halafu, mbele yangu, akamwambia kuhusu ugonjwa wake. Alisema kwa maneno machache, akiangalia bisibisi iliyokuwa mkononi. Mzee Kalinga alikaa kwenye kiboksi. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?" "Ungenipeleka mapokezi." Mzee akaitazama rimoti ukutani. Akainuka, akaifungua rimoti kwenye kamba, akampa Ntandu. "Weka wewe," akasema.

Tulikata maboksi ya dawa, tukaziba nafasi zote za raki, ikawa mbaya kuitazama lakini hewa ikafuata njia. Wiki za kwanza Mzee alikuja kila asubuhi, akaweka kiganja juu ya kila seva, kama mama anayempima mtoto homa. Alimwuliza Ntandu, "Zimelalaje?" na Ntandu akamjibu, "Zimelala vizuri, Mzee, hazijaota chochote." Prosesa zilikaa kwenye sitini, zikapanda kidogo mchana kazi zikiwa nyingi, zikashuka. Baada ya mwezi Mzee hakuuliza tena.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoitembelea ninapokosa usingizi. Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Ntandu alitundika koti msumarini, akashinda na shati la mikono mifupi, nami nikaona kwa mara ya kwanza jinsi mikono yake ilivyokuwa myembamba na yenye ustadi. Maumivu yalimrudia mara chache, si kama mwanzo. Alianza kunenepa kidogo usoni. Siku moja tukiwa tunakula nyuma ya raki, ambapo sasa hatukuwa na sababu ya kukaa isipokuwa mazoea, aliniuliza, "Hivi baba yako kule Ikungi anapenda asali?"

"Nani asiyependa asali?"

"Nina mjomba Rungwa, anatundika mizinga. Asali yake nyeusi, nzito. Mtu akimpelekea mzee ndoo ya asali ile, hata kama mpelekaji ni Mwislamu wa Ulemo, nadhani mzee atamkaribisha kiti."

Nikamenya karanga. Baadaye nikasema, "Baba anapenda. Ila apelekewe baada ya mavuno, wakati huu hashindi nyumbani." Akasema, "Basi baada ya mavuno." Hayo ndiyo maneno yote ya mapenzi tuliyowahi kuambiana. Nimeolewa, nimezaa, nimekuwa mjane, na sijawahi kuambiwa mengine yaliyozidi hayo.

Mwezi wa saba wakaja wageni. Walikuwa wahandisi wawili waliotumwa na wafadhili kufunga seva mpya ya kuhifadhia picha za eksirei. Nje kulikuwa na ule upepo wa Singida wa kipupwe, unaopita katikati ya mawe na kuingia hadi kwenye mifupa ya mtu mzima mwenye afya. Mmoja wao aliingia chumbani, akasimama, akanusa hewa kama aliyeonja mboga isiyo na chumvi. "Hapa ni chumba cha seva au jikoni?" akauliza. Akagusa yale maboksi yetu kwa ncha ya kidole. "Na haya ni nini?"

Nilimwangalia Mzee Kalinga. Nilimngoja aseme. Alikuwa na miezi yote ya kusema, alikuwa ameweka kiganja chake mwenyewe juu ya zile mashine. Akacheka kicheko kidogo cha aibu. "Vijana hawa," akasema, "walikuwa wanajaribu jaribu." Akachukua rimoti na kubonyeza mwenyewe, kumi na sita.

Nilimfuata kwenye korido. "Mzee, tuwaambie. Tuwaonyeshe joto la prosesa, liko kwenye kioo, wataliona."

"Binti, hawa wametoka mbali, wana vyeti vyao. Hatugombani na wageni."

"Na Ntandu?"

Akatazama chini. "Ni siku chache tu. Nimemwambia akisikia baridi atoke nje." Na alikuwa amemwambia kweli, nilimsikia. Lakini Ntandu ndiye pekee aliyejua kila waya unaanzia wapi na kuishia wapi. Wageni walikuwa wanaita, "Kijana, huu?" "Kijana, na huu?" Angetoka vipi? Tena ili kuingiza mashine mpya ilibidi raki yote izimwe, kwa hiyo hata kule nyuma, penye kiboksi chetu, hapakuwa tena na pumzi ya joto. Kulikuwa na kiyoyozi tu. Alivaa koti. Nilimletea chai, nikaibadilisha ikipoa, nikamfunga khanga yangu shingoni, mgeni mmoja akatabasamu. Nilimnong'oneza, "Toka." Akanijibu, "Tukimaliza." Vidole vyake vilikuwa vimepauka, havikunjiki vizuri, akawa anashikilia waya kwa mikono miwili.

Walipokuwa wanakaribia kumaliza, alikaa chini. Hakuanguka, alikaa taratibu sakafuni kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, akaniita kwa jina. "Naomi, siisikii miguu vizuri." Tulimbeba mimi na Mzee Kalinga na mlinzi mpaka wodini. Maumivu yalianza mapajani, yakapanda mgongoni, yakaingia kifuani. Alipigwa sindano, akawekewa maji na oksijeni. Mama yake akaitwa kutoka Ulemo, lakini hakukuwa na gari mpaka kesho yake. Nilikaa naye. Kuna wakati alifumbua macho akauliza, "Imewaka?"

"Imewaka. Yote."

"Inasoma ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Nzuri," akasema, akavuta pumzi fupi fupi. "Waambie waache maboksi. Wasiyatoe."

Alifariki asubuhi, wakati wahudumu wanagawa uji, gari la mama yake likiwa njiani. Daktari alinieleza baadaye kwa upole kwamba kifua kilikuwa na maambukizi, kwamba huenda yalikuwemo kabla, na kwamba hakuna mtu anayeweza kuapa kuwa ni baridi ya chumba kile iliyomuua. Nimeyazungusha maneno yale maisha yangu yote. Kuna miaka nimeyaamini, kuna miaka sijayaamini. Najua tu kwamba baridi ile haikuwa na kazi. Mtu akifa akichota maji, angalau watu walikunywa. Ile baridi haikumnufaisha yeyote, hata mashine haikuihitaji.

Tulimzika Ulemo kwa taratibu za Kiislamu, mimi nimesimama mbali pamoja na wanawake. Wageni walikuwa wameshaondoka. Tuliporudi kazini, Mzee Kalinga aliniita chumbani. Alikuwa amesimama mbele ya raki, rimoti mkononi, macho mekundu. Akanipa. Nikakataa kuipokea. Tukasimama hivyo, feni zinavuma. Mwishowe akabonyeza mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka ishirini na tano. Tukakaa kuangalia kioo. Prosesa zilipanda kidogo, zikafika sitini, zikatulia. Hakuna kilichoungua, siku ile wala miaka iliyofuata. Nilisikia kwamba alipostaafu bado chumba kilikuwa kwenye ishirini na tano, na kwamba wageni wa baadaye walipouliza, aliwajibu kwa ukali uliowashangaza. Nilipoambiwa hayo nililia, sikujua kama ni kwa kumsamehe au kwa hasira kwamba ukali huo alikuwa nao siku zote.

Baada ya arobaini, mama yake Ntandu alikuja kuchukua vitu vya mwanawe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Mzee Kalinga naye alitoka ofisini kumlaki, akamshika mikono yote miwili. Mama akasema angependa kuona mahali mwanawe alipokuwa anafanya kazi. Nikaona amejitanda khanga mbili na juu yake blanketi, mchana wa mwezi wa nane mwishoni, joto limeshaanza kurudi. Akanieleza, kama anayeomba radhi, "Aliniambia humo ndani ni baridi sana. Nimejiandaa."

Nikafungua mlango. Akaingia taratibu, akasimama katikati ya zile kuta nyeusi. Akaitazama raki kutoka juu hadi chini, maboksi ya dawa, kiboksi kule nyuma, koti la kijivu kwenye msumari. Akasubiri. Kisha akainua mkono, akaupapasa hewani kama anayetafuta mvua.

"Mbona hakuna baridi?" akauliza.

Mzee Kalinga alikuwa mlangoni. "Tumerekebisha, mama," akasema.

"Kumbe inarekebishika?"

"Inarekebishika."

"Mmerekebisha lini?"

Mzee aliinua macho, nami nikaona anamtafuta Mungu kwenye dari. "Juzi juzi, mama," akasema. "Tulipotoka kuzika."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akalivua blanketi begani, akalikunja, akalikunja tena mpaka likawa dogo, akalikumbatia, akasimama pale kwenye joto zuri, feni zinavuma, hakuna aliyethubutu kumwambia tutoke.